NJIA ZA MAGARI YA ABIRIA PWANI YA KUSINI: Jinsi Ramani ya Siku Zijazo Inavyochorwa

Mtu aondokaye Msambweni alfajiri kwenda Mombasa hukaa katika matatu mpaka Likoni. Hapo hushuka, huteremka kwa miguu hadi kivukoni, hungoja feri, huvuka maji ambayo upana wake ni kama nusu kilomita tu, hupanda tena upande wa kisiwani, kisha hutafuta gari jingine la kumfikisha Marikiti, Kongowea au Changamwe. Safari moja imekatwa vipande vitatu. Nauli hulipwa mara mbili, na kungoja ni mara tatu. Watu wa Kwale wamelizoea jambo hili hata wengi hawalihesabu kuwa tabu. Limekuwa kama upepo wa kusi, ambao mtu hujipanga nao. Lakini yeyote akaaye na kalamu na karatasi kuchora njia za magari ya abiria za miaka ijayo hana budi kuanzia hapo, maana mchoraji asiyejua mahali safari inapokatika hawezi kuiunga.

Mambo mawili yamefanya uchoraji huo uwe na maana zaidi kuliko zamani. La kwanza ni barabara ya Dongo Kundu, ambayo ilikamilika kufunguliwa mwaka 2024, nayo humtoa mtu wa Kwale mpaka bara ya magharibi ya Mombasa bila kugusa kivuko. La pili ni kwamba mji wa Mombasa hauishii tena kisiwani. Mwaka 2018 ulikamilishwa mpango mkuu wa ukuzaji wa mji huo, kwa msaada wa shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo liitwalo JICA, na Likoni na Dongo Kundu zimo ndani yake. Wenyeji wa Ng'ombeni, Waa, Tiwi na Ukunda, waliokuwa wakijiona watu wa mashambani, wamekuwa majirani wa mji, wapende wasipende.

NJIA NI AHADI

Kwanza yafaa kufahamu kwamba ramani ya barabara na ramani ya njia za abiria ni vitu viwili mbalimbali. Barabara ni mahali gari linapoweza kupita. Njia ya abiria ni ahadi: kwamba gari litapita, litapita wakati fulani, litasimama mahali fulani, na nauli yake inajulikana. Barabara ya lami inaweza kupita mlangoni kwa mtu, naye akaendelea kutembea kwa miguu maisha yake yote, kwa kuwa hakuna gari linalosimama hapo. Kwa hiyo mtu akionyeshwa ramani yenye mistari mizuri ya rangi, swali lake la kwanza liwe ni ahadi gani iliyomo ndani ya kila mstari.

Mistari ya ramani kama hizo ni ya namna mbili. Kuna mistari mizima, yaani njia zilizopo, na kuna mistari ya vitone, yaani njia zinazokusudiwa. Hiyo ya pili ndiyo inayofurahisha macho, na ndiyo ya kutazamwa kwa uangalifu. Katika mji wa London, ambako ramani maarufu ya treni za chini ya ardhi iliyobuniwa na Harry Beck ilitolewa kwa watu mwaka 1933, kulikuwa na mpango wa kupeleka reli upande wa kaskazini mpaka mahali paitwapo Bushey Heath. Njia hiyo iliwekwa katika ramani kana kwamba iko karibu kufika. Vita vya 1939 vikaja, kazi ikasimama, na baada ya vita serikali ikaamua kwamba mashamba yanayouzunguka mji yasijengwe nyumba. Njia isiyokuwa na nyumba za kuhudumia haina abiria, basi ikaachwa. Watu walikuwa wameisoma kwa miaka kadhaa katika ramani, na haikujengwa kamwe.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Mwaka 2018 sehemu za barabara ya Thika, Nairobi, zilipigwa mistari myekundu kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka. Njia tano zilipangwa, zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Rangi ilitangulia, na mabasi hayakuifuata kama ilivyotangazwa. Hapo Likoni penyewe, katika miaka hiyohiyo, ulitangazwa mpango wa kuvusha watu kwa vibanda vinavyoning'inia katika kamba za chuma juu ya maji, wa kampuni ya Trapos pamoja na wajenzi wa Austria waitwao Doppelmayr. Michoro yake ilipendeza sana. Watu wanaendelea kuvuka kwa feri.

Habari hizi hazisemwi ili kuwakatisha tamaa wachoraji. Mstari wa vitone una kazi yake: huwaambia watu wa ardhi wasijenge mahali fulani, huwaambia wenye mabasi wajitayarishe, na huwapa wananchi kitu cha kukubali au kukataa kabla fedha hazijatumika. Ila uchorwe kwa hesabu, na aliyeuchora aweze kuieleza hesabu yake mbele ya watu.

MJI ULIOFUNGWA PANDE MBILI, UKAACHWA WA TATU

Mombasa ni kisiwa, na historia ya njia zake ni historia ya kukiunga kisiwa hicho na bara. Tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920 watu wenye cheo walikwenda huku na huku mjini kwa magari madogo yaliyosukumwa kwa mikono juu ya reli nyembamba, kati ya mji wa kale na Kilindini. Ulikuwa ni mtandao wa kwanza wa njia za abiria mjini, kama waweza kuitwa hivyo, kwa maana aliyepanda alikuwa mmoja au wawili na waliosukuma walikuwa wengine. Magari ya mota yalipozidi, reli hizo ziling'olewa.

Upande wa magharibi kisiwa kiliunganishwa kwa daraja la reli, kisha kwa tuta la Makupa. Upande wa kaskazini daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na mahali pake likaja daraja la zege mwaka 1980. Upande wa kusini hapakujengwa daraja la kudumu. Sababu yake si kusahauliwa, ingawa wapo wasemao hivyo. Sababu ni meli. Kila meli kubwa iingiayo bandari ya Kilindini hupita katika mkono huohuo wa bahari kati ya Likoni na kisiwa, na daraja la chini lingeifunga bandari ambayo Kenya na Uganda, na nchi nyingine za bara, hupokelea mizigo yao.

Basi watu wa kusini wakabaki na feri. Hutajwa kwamba watu wapatao 300,000 na magari kama 6,000 huvuka Likoni kwa siku moja. Waendao kwa miguu hawalipi. Wenye magari ndio walipao. Hiyo ni huduma kubwa, na wakati huohuo ni uzito mkubwa kuuweka juu ya vyombo vichache vinavyoharibika kama vyombo vyote. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaa watu, na 272 wakafa. Septemba 2019 gari lililokuwa juu ya feri Likoni liliteleza likatumbukia, mama na binti yake wakafa maji, na zilipita karibu wiki mbili kabla ya kutolewa. Mtu azungumzaye habari za usafiri wa pwani ya kusini kama kwamba ni habari ya starehe na wepesi tu, hajasimama Likoni.

Wakati wa maradhi ya Covid lilijengwa daraja la kuelea la kupita watu wa miguu, kutoka Liwatoni kisiwani mpaka Ras Bofu. Lilifunguliwa mwishoni mwa 2020. Ilibidi lifunguliwe katikati kila meli ilipotaka kupita, na watu wakangoja. Baadaye lilifungwa.

HESABU YA DARAJA REFU

Mpango mkubwa uliobaki ni wa daraja la juu la kudumu kati ya kisiwa na Likoni, lijulikanalo kwa jina la Mombasa Gate Bridge. Serikali ya Kenya na JICA zimelishughulikia kwa miaka mingi, na halijajengwa. Katika ramani za siku zijazo ni mstari wa vitone ulio mnene kuliko yote, na msafiri wa Kwale huutazama kwa hamu. Lakini na autazame pamoja na hesabu hii.

Ili meli zipite chini yake, daraja hilo lazima liwe juu ya maji karibu mita 70. Gari haliwezi kuruka juu ghafula. Lazima lipande polepole. Ikichukuliwa kwamba barabara inapanda mita 5 katika kila mita 100, kufika mita 70 kunahitaji mita 1,400 za kupanda upande mmoja, na nyingine kama hizo za kushuka upande wa pili, mbali na upana wa maji yenyewe. Hizo ni zaidi ya kilomita 3 kwa mtu ambaye leo huvuka nusu kilomita akiwa amesimama. Dereva hatazisikia. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha maembe kichwani atazisikia sana, chini ya jua la saa saba.

Maana yake ni kwamba daraja peke yake si dawa ya mwenye kwenda kwa miguu, naye ndiye aliye mwingi Likoni. Dawa yake ni basi lipitalo juu ya daraja hilo. Mfano wa jambo hili uko Dar es Salaam. Huko nako kuna mkono wa bahari, na ng'ambo yake ni Kigamboni. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016. Magari mengi yalifurahi. Lakini daraja liko Kurasini, mbali na kitovu cha mji, na pantoni ya Magogoni haikuacha kujaa watu, kwa sababu mtu wa miguu hazunguki kilomita kadhaa ili apite juu ya daraja zuri. Jambo lililowasaidia zaidi watu wa miguu ni jingine, lisilosifiwa sana: mwaka huohuo wa 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi, na mwisho wa njia yake kuu ukawekwa Kivukoni, mbele ya pantoni. Mtu akishuka katika chombo, basi liko mbele yake.

Kwa Likoni hilo ni fundisho lisilohitaji kungoja daraja. Mahali pa kupandia matatu pande zote mbili za kivuko pakipangwa vizuri, penye paa, taa, na mistari ya kwenda kila upande iliyoandikwa, kipande kimoja cha kungoja kinapungua. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na nguzo moja ya daraja.

DONGO KUNDU

Barabara ya Dongo Kundu inatoka upande wa Miritini, inapita Mwache, inavuka ghuba juu ya madaraja, inapita Tsunza na Mteza, na inatokea Kibundani katika barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga. Daraja la Mteza peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 1.4. Kutoka Mwache hadi Kibundani ni kama kilomita 16.

Mtu akiiangalia katika ramani ataona mara moja ni safari zipi inazozifaa na zipi haizifai. Atokaye Ukunda kwenda Marikiti haimfai sana. Atazunguka nusu ya dunia yake kufika mahali ambapo kutoka Likoni angepaona kwa macho. Lakini aendaye Miritini, kwenye stesheni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, au aendaye Changamwe kwenye viwanda, au kiwanja cha ndege, au Mariakani na Voi, huyo ameokolewa kisiwa kizima. Zamani alikuwa akiingia mjini ili atoke mjini.

Kwa hiyo mchoraji mwenye akili hachori njia moja ya Kwale. Huchora mbili, kila moja na watu wake: moja ya kwenda Likoni, nyingine ya kwenda Miritini kupitia Dongo Kundu. Ili ajue kila moja ina watu wangapi, ni lazima wahesabiwe na kuulizwa: unatoka wapi, unakwenda wapi, saa ngapi, kwa nini. Majibu huchorwa kama nyuzi katika ramani, na penye nyuzi nyingi mstari huwa mnene. Kazi hii huchosha, nayo haina picha nzuri za kuonyesha magazetini. Ikirukwa, kila kinachofuata ni kubahatisha.

Kazi hiyo si ya wataalamu wa kigeni peke yao. Mwaka 2014 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, walitoa ramani ya matatu za Nairobi. Waliipata kwa kupanda matatu zenyewe wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo. Njia walizozichora zilizidi 130, ambazo mpaka siku hiyo zilikaa katika vichwa vya madereva na makondakta tu. Si ajabu, kwa kuwa matatu hazikuzaliwa na ramani. Jina lake latokana na nauli ya senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi, na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu zichukue abiria bila leseni ya pekee. Zilikwenda watu walikokuwa. Vijana wachache wa Ukunda au Msambweni wenye simu wanaweza kufanya kazi kama hiyo, na ramani yao ingekuwa msingi bora kuliko mchoro uliofanywa ofisini mbali.

GARI NGAPI, KILA BAADA YA DAKIKA NGAPI

Baada ya kujua watu, huja hesabu ya magari. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila mwananchi aweza kuifanya. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba basi kutoka Ukunda hadi Miritini, kurudi, na kupumzika kidogo kila mwisho, linatumia dakika 150. Ikiwa basi linatakiwa kupita kila baada ya dakika 30, gawanya 150 kwa 30: yatakiwa mabasi 5. Ikiwa ni kila dakika 15, mabasi 10. Ikiwa ni kila dakika 10, mabasi 15. Abiria afikaye kituoni bila kujua saa hungoja, kwa wastani, nusu ya muda huo: dakika 15 kwa mabasi 5, dakika 7 na nusu kwa mabasi 10, dakika 5 kwa mabasi 15.

Tazama jinsi faida inavyopungua. Mabasi 5 ya kwanza ya kuongeza yamemwokolea abiria dakika 7 na nusu. Mabasi 5 yanayofuata yamemwokolea 2 na nusu tu, ijapokuwa gharama ni ileile. Ndiyo maana kwa fedha zilezile mara nyingi ni afadhali kuanzisha njia ya pili, tuseme ya Kwale mjini au Lunga Lunga, kuliko kuijaza moja mpaka pomoni.

Matatu hazifuati hesabu hii. Matatu huondoka ikijaa. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, na dereva hawezi kuondoka na viti sita vitupu akamlipa kwa maneno. Kwa hiyo asubuhi, watu wanapokuwa wengi, magari huondoka moja baada ya jingine. Saa nane mchana abiria wa kwanza aweza kukaa ndani nusu saa akitoka jasho, akingoja wa kumi na nne. Usiku hali ni mbaya zaidi. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani anayemaliza kazi saa nne usiku na kulala Msambweni hulipa bodaboda nauli ambayo mchana ingemrudisha nyumbani mara kadhaa. Njia ya ahadi, yenye saa zake, yahitaji mtu wa kulipia viti vitupu vya saa nane na saa nne. Aweza kuwa ni serikali ya kaunti, aweza kuwa ni chama cha wenye magari kinachogawana mapato ya siku badala ya kila gari kupigania abiria wake. Ramani isiyosema ni nani, bado haijakamilika.

VITUO

Kisha ni vituo, na hapa ndipo penye ugomvi mara nyingi. Dongo Kundu ilijengwa kuwa barabara ya mwendo, ya malori ya bandari na magari ya safari ndefu. Basi likisimama kila penye mwembe, halifiki. Lisiposimama popote, waliotoa ardhi yao wanabaki kuangalia. Watu wa Tsunza ni mfano. Kabla ya madaraja walivuka ghuba kwa mashua, na mgonjwa wa usiku alikuwa mikononi mwa mvuvi na maji kujaa au kupwa. Sasa lami iko juu yao. Kituo kimoja cha haki hapo, chenye nafasi ya basi kutoka nje ya barabara na njia ya miguu ya kufikia makaazi, kingebadilisha maisha yao kuliko urefu wote wa daraja. Kukiweka mwanzoni ni kazi ndogo. Kukidai baada ya ukingo wa barabara kufungwa ni kazi ya miaka.

Kombani nako kwastahili kutazamwa. Ndipo njia ya Kwale mjini na Kinango inapoacha barabara kuu, na mtu wa Kinango akishuka hapo ataweza kuchagua Likoni, Miritini au Msambweni. Ukunda, pamoja na ukubwa wake, hakumfai mtu huyo, kwa kuwa atakuwa amekwenda kusini ili arudi kaskazini. Msambweni kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kituo chake kiwe langoni mwa hospitali, si barabarani ambako mgonjwa ataanza kutafuta tuktuk. Shimoni, Vanga na vijiji vingine vilivyo mbali na barabara kuu vitahudumiwa na magari madogo yanayoleta watu kwenye njia kubwa. Jambo la maana kwao ni kwamba saa za gari dogo na saa za basi zipatane. Na mabasi yawe na keria. Mwanamke apelekaye machungwa Kongowea ni abiria na ni mizigo kwa pamoja, na mchoraji ahesabuye vichwa tu atamwacha barabarani.

NANI ASHIKAYE KALAMU

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya usafiri wa abiria wa barabarani na barabara za kaunti, na hata vivuko vimetajwa humo. Barabara kuu, kama ile ya Likoni na Lunga Lunga na hiyo ya Dongo Kundu, ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu ya taifa, iitwayo KeNHA. Leseni ya gari la abiria hutolewa na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na mwenye gari lazima awe katika chama au kampuni. Tena njia ya Ukunda na Miritini huanzia kaunti ya Kwale na kuishia kaunti ya Mombasa. Kwa hiyo hakuna ofisi moja iwezayo kuichora njia hiyo peke yake na kuitekeleza. Kwale ikiweka stendi nzuri Kombani, na Mombasa isiweke mahali pa kushukia Miritini, mabasi yatashusha watu kando ya malori.

Hili ndilo jambo linalotisha zaidi katika ramani nyingi za siku zijazo: mstari hukatika kwenye mpaka wa aliyeuchora. Mwaka 2019 wakati wa kuhesabiwa watu, Kwale ilikuwa na watu 866,820 na Mombasa 1,208,333, na asubuhi ya siku ya kazi hakuna awezaye kusema kwa hakika yupi ni wa wapi. Kaunti za pwani zina jumuiya yao, ambayo ni mahali panapofaa kuiweka ramani moja mezani, mradi kila upande uje na hesabu zake za abiria na si picha za madaraja tu.

Mwananchi naye ana mahali pake. Sheria inataka watu waulizwe kabla ya mpango wa kaunti wa miaka mitano kupitishwa, na kabla ya kazi kubwa kama ya barabara kuanza, ripoti ya mazingira hutolewa ili watu watoe maoni. Barazani hapo maneno kama "tunataka maendeleo" hayamsaidii mchoraji. Humsaidia zaidi mtu asemaye: kijijini kwetu watu arobaini huondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, thelathini kati yao hushuka Likoni, kumi huendelea Changamwe, na kituo kilicho karibu kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hayo ni maneno yanayochoreka. Yakiandikwa katika daftari na kusainiwa na mzee wa mtaa, ni vigumu kuyapuuza.

Mpango wa sasa wa kaunti ya Kwale ni wa mwaka 2023 hadi 2027. Unaofuata utaanza 2028, na maoni yake yatakusanywa kabla ya hapo.